Bei ya Bima Haiishii Dirishani

Mpwa wangu, ujumbe wako nimeusoma. Unatafuta bima nafuu ya hiyo Toyota IST uliyoinunua, unaogopa ujana wako utakupandishia bei, na unaomba gari tuliandikishe bima kwa jina langu ili mambo yawe mepesi. Vijana wengi wamekwisha kuniuliza hayo hayo. Waliitikia "sawa, mjomba", kisha wakaenda kufanya walichokuwa wamekusudia tangu mwanzo. Nilipostaafu meza ya madai ya bima nilidhani nimeachana na habari za bampa na taa zilizopasuka. Lakini mama yako ni dada yangu, basi keti nikueleze, nawe nivumilie kama nitakavyokuvumilia.

Kwanza huo ujana. Ushauri uliokusanya kwenye simu yako umetoka Uingereza, na kule una maana. Kule umri ndio bei. Kijana wa miaka 18 mwenye gari kuukuu anaweza kutajiwa fedha ya bima inayozidi thamani ya gari lenyewe. Kampuni humtazama umri, kazi, mtaa gari linapolala, ukubwa wa injini. Wengine humfungia kisanduku ndani ya gari kinachopima anavyokanyaga mafuta, anavyofunga breki na saa anazotembea usiku, ili akijiheshimu apunguziwe. Zamani hata jinsia ilihesabiwa, wasichana wakilipa pungufu kuliko wavulana, mpaka Mahakama ya Haki ya Ulaya ilipolikataa jambo hilo mwaka 2011 na likakoma Desemba 2012. Ni elimu nzuri, ila wewe unaegesha Tabata.

Hapa kwetu Tanzania, ukienda kukata bima ndogo ya gari binafsi, ile ya kuwalinda wengine tu, hakuna anayekuuliza umezaliwa lini ili akupangie bei. Mimi mwenye mvi na wewe uliyepata leseni juzi tunatajiwa kiasi kile kile. Kwa miaka kadhaa kilikuwa Sh 118,000 kwa mwaka kwa gari dogo, yaani laki moja na VAT ya asilimia 18 juu yake. Bima kubwa, ile inayolinda na gari lako, hupimwa kwa thamani ya gari, na kiwango utakachosikia kwa madalali wengi kwa gari binafsi ni asilimia 3.5. Ikiwa IST yako ina thamani ya milioni 12, hiyo ni 420,000, VAT ikiwa asilimia 18 ni 75,600, jumla 495,600. Umri haumo katika hesabu hiyo. Hapo ndipo kijana hutoka dirishani akitabasamu, akijiona ameponea.

Hajaponea. Ujana wake umeandikwa ukurasa wa ndani wa mkataba, ule ambao hakuufungua, penye habari za ekses. Hiyo ni sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa senti. Mikataba mingi ina ekses ya kila dereva, kisha huongeza nyingine kama aliyekuwa kwenye usukani ana umri chini ya miaka 21 au 25, au leseni yake haijatimiza mwaka mmoja au miwili. Kila kampuni na mpaka wake. Kwa hiyo wewe na mimi tunalipa sawa siku ya kukata bima, na hatulipi sawa siku ya ajali. Nimewaona vijana waliolia kwa hilo kuliko walivyolilia gari.

Tuchukue mfano wa kubuni tu, usiende kuutaja kwa dalali. Umegonga nguzo, fundi anasema milioni 2. Kampuni ya kwanza inakata asilimia 10 ya hasara, na kwa kijana inaongeza laki moja: unabeba 300,000. Ya pili ilikuuzia bima kwa bei pungufu ya elfu 40, lakini ekses yake ni laki tano kwa kila mtu na laki mbili na nusu zaidi kwa kijana: unabeba 750,000. Elfu 40 uliyoifurahia imekugharimu laki nne na nusu. Sitakuambia ile methali ya rahisi na ghali, umeisikia mpaka umeichoka, nami nimechoka kuisema. Nakuambia uulize maswali haya kwa sauti, kabla hujatoa simu kulipa. Ekses ni kiasi gani? Ni asilimia ya hasara au ya thamani ya gari? Kijana anaongezewa ngapi, na kijana kwenu ni nani? Ukiibiwa gari zima, ekses yake ni ile ile au ni nyingine? Nyingi huwa na nyingine, na huwa kubwa. Mwambie dalali akuoneshe mahali palipoandikwa. Dalali mzuri hakasiriki.

Tena usipoteze wiki nzima ukizunguka Posta kutafuta bei ya chini kabisa. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, huweka viwango vya chini, kwa hiyo kampuni hazina nafasi kubwa ya kupishana kwenye bei. Zinapishana kwenye masharti, kwenye gereji zinazozikubali, na kwenye wepesi wa kulipa madai. Uliza mafundi. Fundi wa bodi pale gereji anajua ni kampuni gani humlipa ndani ya wiki na ni ipi humwacha na gari la mtu uani mpaka linaota nyasi, na hatakutoza kitu kukuambia.

Akitokea mtu kando ya barabara akikuuzia stika kwa nusu ya bei, huyo ni kishoka. Stika siku hizi ni za kielektroniki. Unaingia kwenye mfumo wa TIRA MIS, unaandika namba ya gari, na bima yako inaonekana au haionekani. Trafiki naye anaangalia humo humo. Lipa kwa namba ya malipo ya kampuni, usimtumie mtu binafsi kwenye simu yake, na uangalie mfumo kabla hujawasha gari. Tena bima haikopeshwi: usipolipa, huna kinga, hata kama wakala ni jirani yako na amekuahidi.

Sasa la jina langu. Nimelifikiria kwa sababu najua hukuwa na nia mbaya. Huko ulikosoma, vijana huandikisha gari kwa jina la mzazi ili bei ishuke, na kule kampuni ikigundua huhesabu ni udanganyifu na kufuta bima. Hapa huna hata unachokipata. Bei haiangalii umri, kwa hiyo jina langu halipunguzi kitu. Na ile ekses ya kijana haiulizi gari ni la nani, inauliza nani alikuwa ameshika usukani. Kinachobaki ni hasara tupu. Kadi ya gari ina jina lako na mkataba wa bima una langu, na mtu wa madai ataanza kwa kuuliza hasara ni ya nani hasa. Mtu ukimgonga, anayetafutwa kwa karatasi ni mimi, wakati mimi nipo Muheza napalilia mihogo. Andikisha kwa jina lako, mwanangu. Ukikaa mwaka bila madai unaanza kujijengea punguzo lako mwenyewe, na huko mbele ndilo litakalokupunguzia bei kihalali.

Lipo jingine ambalo hukuliandika, lakini mama yako kanidokeza: jioni unafikiria kubeba abiria wa Bolt, ile teksi ya mtandaoni, ili gari lijilipe. Si dhambi. Lakini hapa naomba unisikilize vizuri kuliko ulivyonisikiliza pote huko juu.

Alinijia mezani kijana mmoja mpole, shati limenyooshwa vizuri. Alikuwa amegonga ubavu wa daladala usiku karibu na Mwenge. Ana bima kubwa, amelipa kwa wakati, leseni safi, kila karatasi ipo. Katika maelezo aliyotoa polisi aliandika kwa mkono wake kwamba alikuwa akimpeleka abiria Mbezi. Fomu ya bima ilisema gari ni la matumizi binafsi. Madai ya gari lake yakakataliwa kwa sentensi hiyo moja, naye alikuwa bado anadaiwa fedha za gari. Hakuwa mwongo. Wakala alimwambia "andika binafsi, ni nafuu", naye akaandika. Wakala alikwishachukua kamisheni yake, na saini iliyokuwa chini ya fomu haikuwa ya wakala.

Kubeba abiria kwa malipo ni biashara, hata kama ni Ijumaa jioni tu. Bima yake ni ya biashara na bei yake iko juu. LATRA, wadhibiti wa usafiri wa nchi kavu, nao wana leseni yao kwa teksi za mtandaoni. Hata leseni yako ya udereva ya daraja D ni ya gari binafsi, haikuruhusu kufanya kazi hiyo. Usidhani kwamba ukivunja masharti utapoteza gari lako peke yake. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlinda zaidi aliyeumizwa. Kuna hali ambapo kampuni italazimika kumlipa majeruhi kwa hukumu ya mahakama, kisha ikarudi kwako kudai ilichotoa, kwa kuwa ulivunja mkataba. Mguu wa mtu uliovunjika una gharama inayozidi IST mbili. Piga hesabu ya Bolt ukiwa umeweka bei ya bima ya biashara ndani yake. Ikikataa kuleta faida, acha.

Uliuliza pia uchukue ndogo au kubwa. Bima ndogo ni kwa ajili ya wale utakaowadhuru. Gari lako likipinduka au likichomwa moto, ni juu yako. Kama gari umelikopea, benki haitakubali ndogo, kwa hiyo hapo hamna mjadala. Kama ni lako na una akiba ya kulitengeneza, ndogo haina aibu. Katikati yake kuna ile ya kuongezea moto na wizi juu ya bima ndogo, na wachache huiulizia kwa kuwa mawakala hawaitaji. Kwa gari linalolala nje ya geti kama lako, ulizia. Ila ujue moto na wizi haina habari na bampa ulilogongesha kwenye ukuta wa jirani.

Ukichukua kubwa, usishushe thamani ya gari ili ulipe kidogo. Vijana huuona huu kuwa ujanja. Gari la milioni 15 ukiliandika milioni 10, na mkataba una kifungu cha kulipa kwa uwiano, basi hasara ya milioni 3 utalipwa kama milioni 2, halafu ekses ikatwe humo humo. Usiipandishe vilevile, maana gari likiibiwa watakulipa bei ya sokoni ya siku hiyo, si ile uliyoota. Pita yadi mbili, tazama IST za mwaka kama wako zinauzwaje, andika hiyo.

Fedha uliyodhani utaiokoa kwenye jina langu, iweke kando kama akiba ya ekses, mahali ambapo hutaitumia kwa harusi za marafiki. Mkwaruzo mdogo unaoweza kuulipa mwenyewe usiudai, utakula punguzo lako. Ajali ikitokea, mwite trafiki, piga picha kabla magari hayajaondolewa, chukua majina ya walioona, na usiandike popote kwamba kosa ni lako wala kukubaliana malipo na mtu kabla kampuni haijajua. Wajulishe siku hiyo hiyo. Wakikukatalia kwa haki, kubali. Wakikukatalia bila haki, omba sababu kwa maandishi, kisha ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa ajili hiyo. Kuwatukana mtandaoni hakujawahi kumtengenezea mtu taa.

Na leseni yako, mpwa wangu, hebu itoe mfukoni uitazame sasa hivi. Kampuni inaweza kukataa kutengeneza gari lililokuwa likiendeshwa na mtu mwenye leseni iliyokwisha, na wengi hugundua wakiwa kituo cha polisi. Yako inaisha lini?