Saa za Jumamosi Ni za Nani?



Mwezi huu naomba tutafakari pamoja swali ambalo halionekani kubwa mpaka liingie nyumbani mwako. Je, mtu aliyeoa au kuolewa anayo haki ya kuwa na furaha yake mwenyewe, ambayo mwenzake hashiriki? Sisemi furaha ya dhambi. Nasema furaha isiyo na kosa, kama kucheza bao, kufuga njiwa, kufuma vitambaa au kuunda kitu kwa mikono. Saa anazotumia huko ni zake, au anamwibia mwenzake?

Swali hili nililetewa na mama mmoja wa upande wetu wa Uthiru. Alikuja jioni, akaketi, akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mwalimu, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana mume wangu hutoka, harudi mpaka usiku. Simu hapokei. Juzi nimeona ujumbe wa M-Pesa: ametuma shilingi 23,000 kwa mtu nisiyemjua, na kijana wetu wa kidato cha pili bado ana deni la karo."

Nilidhani nimekwisha kuelewa. Nikamwuliza kama anamfahamu huyo mwanamke. Akacheka, lakini kicheko cha uchungu. "Afadhali angekuwa mwanamke au pombe, watu wangenielewa. Mume wangu anaunda gari la moshi."

Nilimwita yule bwana nikamkaripia. Nilimwambia kwamba mtu mzima mwenye watoto hachezi na vigari, na kwamba karo ya mtoto si pesa ya mchezo. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, umeshaiona?" Sikuwa nimeiona.

Basi Jumamosi iliyofuata nilipanda matatu hadi Dagoretti Corner. Nyuma ya nyumba ya rafiki yake kuna kibanda cha mabati, na ndani nilikuta wanaume watano: mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ufundi wa reli, mwalimu wa fizikia, fundi wa jua kali kutoka Kamukunji, karani wa benki, na bwana wetu. Palikuwa na mashini ya kukerezea vyuma, tupa za kila namna, na vipuri vilivyookotwa katika vyuma chakavu vya Gikomba na maduka ya Barabara ya Kirinyaga. Juu ya meza ilikaa boila ya shaba nyekundu, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Hapo ndipo zilipokwenda zile shilingi 23,000: shaba nyekundu ni ghali, na lehemu ya fedha inayounganisha viungo vyake ni ghali zaidi.

Nilikosea kuiita kigari cha kuchezea. Injini ya namna hii ni ndogo, lakini hufanya kazi kama ile kubwa. Ina moto wake na maji yake. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo, na kwa kuwa boila haina nafasi hiyo, mvuke hutafuta njia, husukuma pistoni, na pistoni huzungusha magurudumu. Injini inayotembea juu ya reli yenye upana wa inchi 3 na nusu tu inaweza kumvuta mtu mzima aliyeketi kwenye kigari nyuma yake. Kwa sababu hiyo hiyo yaweza pia kumwua, ikiwa boila imeundwa vibaya.

Siku hiyo boila ya bwana wetu ilikuwa inapimwa. Alikuwa ameifanyia kazi miezi 14. Jambo lililonishangaza ni kwamba hakuruhusiwa kuipima mwenyewe. Yule mzee wa reli ndiye aliyeshika pampu ya mkono. Boila ilijazwa maji baridi hadi juu, hewa ikatolewa yote, matundu yakazibwa. Injini itakapofanya kazi itabeba nguvu ya ratili 80 kwa kila inchi ya mraba, lakini mzee alipampu mpaka mshale ukafika 160, yaani maradufu. Kisha wote wakainama kutazama, bila neno.

Katika kiungo kimoja karibu na mlango wa moto likatokea tone la maji. Likakua, likadondoka. Bwana wetu akageuza uso. Mzee akaweka alama ya chaki akasema, "Hapa imelia. Hii si aibu, bwana. Aibu ingekuwa kulia mbele ya moto."

Nilimwuliza mzee kwa nini hawapimi kwa mvuke wenyewe. Alinieleza kwamba maji baridi hayashindiliki. Kiungo kikilegea, tone hutoka, nguvu hushuka mara moja, na hakuna anayeumia. Mvuke ungelipasua na kurusha vipande. Nikamwuliza tena kwa nini mwenyewe hapimi. Akajibu: "Aliyeunda huona alichokusudia, haoni alichofanya." Huko Uingereza, ambako kazi hii ina vyama vingi, boila hupimwa vivyo hivyo na mkaguzi wa chama. Wahenga wetu walikwisha kusema: kinyozi hajinyoi.

Wapendwa, watu hawa si wa ajabu kama nilivyodhani. Mwaka 1898 Percival Marshall alianzisha jarida la waunda injini ndogo huko London, na mwaka huo huo chama chao kikaundwa mjini humo. Mwaka uliofuata, 1899, reli kutoka Mombasa ilifika mahali palipokuwa na maji na nyasi tu, na hapo pakawa Nairobi. Mji huu wetu ulizaliwa na mvuke. Ukienda Makumbusho ya Reli karibu na stesheni kuu, yaliyofunguliwa 1971, utaona injini namba 5918 iitwayo Mount Gelai, kwa jina la mlima wa kaskazini mwa Tanzania. Ni moja kati ya 34 zilizoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956. Ina urefu wa zaidi ya mita 30 na uzito wa tani 250 hivi, nazo ndizo zilizovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, mpaka enzi ya mvuke ilipokwisha karibu na mwaka 1980.

Baba yake bwana wetu alikuwa mchochea moto katika injini hizo. Aliniambia kwamba alipokuwa mtoto baba yake alimwinua mara moja, akaligusa gurudumu lingali na joto. Mara nyingi baba huyo hakuwa nyumbani, na hilo gurudumu ndilo analomkumbukia. Nilipomwuliza kama amewahi kumsimulia mkewe, alisema, "Hajawahi kuniuliza." Wamekaa katika ndoa miaka 19.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kiswahili kina neno uraibu. Zamani lilitumika kwa tambuu na tumbaku. Tulipokuwa shuleni walimu walitufundisha kwamba ni jambo ambalo mtu hupenda kulifanya akiwa amepumzika. Siku hizi tunalisikia zaidi kwa pombe, dawa za kulevya na kamari. Neno ni lile lile, kwa furaha na kwa utumwa! Tena nadhani neno hilo halikukosea, kwa maana mwanzo wa njia hizo mbili ni mmoja, na anayetembea haoni zilipoachana.

Mama yule aliniuliza, "Hilo gari likikamilika litatupeleka wapi?" Hapa sikukubaliana naye. Si kila jema lazima lilete faida. Siku ya harusi yake watu walipiga vigelegele, wala vigelegele havikujenga nyumba, lakini nani angependa harusi isiyo navyo? Mtu asiye na kitu anachokipenda bila malipo huwa mkavu, na ukavu huo huuleta nyumbani. Ndoa inatufanya kuwa mwili mmoja. Haimtaki mmoja amezwe na mwenzake.

Lakini bwana yule naye aliniambia, "Mwalimu, sinywi, sitembei nje, je, hata Jumamosi moja siwezi kuwa na changu?" Hapo pia sikukubaliana naye. Kutokuwa mlevi si hundi ya kwenda kuchukulia karo ya mtoto. Tena kosa lake kubwa halikuwa shaba wala Jumamosi. Lilikuwa simu iliyozimwa. Alikuwa ameunda boila yake nyumbani, akaijaza, akawasha moto, akaipima mwenyewe, akajipa cheti. Katika kibanda cha Dagoretti asingethubutu kufanya hivyo.

Hili ndilo ninalotaka kusema leo. Uraibu wa mume au wa mke hauwi mwema kwa sababu mwenyewe anasema ni mwema. Kila mtu husema hivyo, hata mcheza kamari. Unakuwa mwema unapoweza kuwekwa mezani mbele ya macho ya mwenzako: saa zake, pesa zake, marafiki zake, na sababu yake. Usichoweza kumwonyesha mwenzako tayari kinavuja.

Naye anayepima ana wajibu wake. Mzee wa reli alipima ili injini itembee. Hakutaka ipasuke, wala alipoona tone hakuitupa boila mtoni. Aliweka alama, ikarudi kwenye moto wa lehemu, ikazibwa. Mke au mume anayekagua ili apate la kushtaki si mkaguzi.

Tena tupime kwa maji baridi. Wengi wetu huzungumzia mambo haya usiku ule mtu amechelewa, ugali umepoa na hasira imepanda. Huko ni kupima kwa mvuke, na vipande vitawapata watoto. Chagueni saa iliyotulia, labda Jumapili baada ya chakula, kabla pesa hazijatumika.

Nilipowakutanisha bwana na mama, walikaa karibu saa tatu. Walipatana kwamba karo italipwa kabla ya shaba, kwamba zile shilingi 23,000 zitarudi kwa miezi minne, kwamba Jumamosi mbili kwa mwezi ni za kibanda na mbili ni za nyumbani, na kwamba simu haitazimwa. Mama alikwenda Dagoretti mara moja akaona. Hakuipenda. Alisema panatoka moshi na mafuta, na mpaka leo hulalamika kuhusu mashati. Lakini sasa anaijua habari ya gurudumu, na siku boila ilipopimwa mara ya pili isilie, alipigiwa simu yeye kwanza.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu, nikijiona nimefanya kazi njema. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kwa upole, "Na wewe, Baba? Jumatatu kamati, Jumatano kwaya, Ijumaa jumuiya, Jumamosi katekesi. Nani anapima yako?" Nilianza kumweleza kwamba hiyo ni kazi ya Kanisa. Nikakumbuka yale ya aliyeunda na alichokusudia, nikanyamaza. Tumepanga kuzungumza Jumapili.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:

1. Ni kitu gani mwenzangu anakipenda ambacho sijawahi kumwuliza kwa nini anakipenda?

2. Je, kuna saa au pesa ninazotumia ambazo nisingependa mwenzangu azione? Kwa nini?

3. Ninapomkagua mwenzangu, nataka atembee vizuri au nataka kumkamata?

4. Ni siku gani na saa gani nyumbani kwetu maji huwa baridi?