Mtoto wa Miaka Kumi na Skuli Yake

Ndugu zetu Waislamu! Wapo wenzetu, na wengine ni jamaa zetu wa damu, waliohamia Migori na Homa Bay kwa biashara, wakawa wachache baina ya watu wasiokuwa wa dini yao. Kwao twasema haya, na kwetu pia.

Mtoto wa Gredi 4 hata 6 ni wa miaka 9 mpaka 12 hivi. Katika umri huo, afikapo miaka 10, Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tusilegeze tena jambo la sala. Na serikali, tangu 2022, huufunga umri huo kwa mtihani wa KPSEA. Wazazi wengi huamka hapo, nao wamechelewa, kwani kazi za Gredi 4 na 5 nazo hupimwa zikaandikwa.

Lituumizalo zaidi ni hili. Somo la dini ni la lazima, na mzazi ana haki ya kumtakia mwanawe Dini ya Kiislamu. Akinyamaza, na mwalimu wake hakuna, huenda mtoto akaketi akasoma dini ya wenziwe, na mwisho akatahiniwa kwa hiyo. Tusiwalaumu walimu! Nani aliyewaambia?

Basi nendeni kwa mwalimu mkuu mapema, tena si kwa ugomvi. Wazee wa skuli mbili tatu washirikiane kumpata ustadhi mmoja, azizungukie kwa ruhusa. Na jioni daftari lifunguliwe nyumbani, hata mbele ya mama asiyejua kusoma. Mtoto na amsomee.