WAZO LA LEO: Anzia mlima wa karibu

Unaishi Mpanda na unajiandaa kwa safari ndefu ya Kilimanjaro? Anzia Nkungwe. Mlima huo wa Hifadhi ya Mahale, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, una mita 2,462, na wengi huupanda kwa kulala njiani. Hautakuzoesha hewa nyembamba ya mita 5,895 za Kilimanjaro, lakini usiku mmoja pale utakuonyesha begi lipi ni zito bure na kiatu kipi kinabana. Kiatu hasa! Mwaka 1872, akitoka Ujiji kwenda Tabora na mwandishi wa habari Stanley kupitia nchi ya Ukawendi, mpelelezi Livingstone alivichanachana viatu vyake kwa kisu kupunguza maumivu ya malengelenge, naye alikuwa mtembeaji mkongwe. Vivae viatu vipya sasa, na usipande bila askari wa hifadhi.