Simulieni Vituko Vyake

Wajukuu zangu, mmefiwa na mwenzenu aliyekuwa akiwachekesha hapa Mwaloni Kirumba tangu alfajiri, na jana nimewaona chini ya turubai mkibana vicheko kama watoto waliokosa. Msivibane.

Mimi Msukuma, rafiki yangu wa ujanani alikuwa Mzaramo, muuza dagaa. Utani wetu ulianza enzi za misafara, mababu zetu walipokatiza Uzaramo na mizigo kwenda pwani. Siku ya maziko yake, sisi watani tulizuia jeneza lisitoke mpaka tulipwe. Mmoja wetu akavaa kofia ya marehemu na kuuiga mwendo wake wa kuchechemea, mjane akacheka huku machozi yanamtoka. Hakuna mzee aliyetukemea. Mila zetu zinajua kwamba mfiwa naye anahitaji kupumua.

Na huyu mwenzenu, mama mmoja alimlalamikia kuwa dagaa wake ni wadogo mno. Akamjibu, "Mama, wakubwa wameenda shule, hawa ndio waliobaki nyumbani." Kisha akamwongezea kopo zima la bure, maana alijua yule mama analea yatima. Nyongeza hiyo msiiache mnaposimulia. Ucheshi wake na huruma yake vilitoka kinywani na mkononi kwa pamoja, na mkisimulia kimoja tu mtakuwa mmemsimulia mtu mwingine.

Ila utani unataka mtu anayejulikana. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia Mwanza, mamia walikufa, na wengi wakazikwa Igoma, wakiwemo wasiotambuliwa. Mbele ya kaburi lisilo na jina, mtani aanzie wapi? Hilo liliniuma, na linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo ule wasifu unaosomwa msibani, alizaliwa lini, alisoma wapi, aliugua nini, usiwatosheleze. Kaeni mviandike vituko vya mwenzenu sasa, kabla hamjaanza kuvichanganya. Andikeni na hasira zake, na ubishi wake wa mpira. Mkimfanya malaika, wanawe hawatamtambua.

Arobaini ikifika, nendeni kwa hao watoto, kila mmoja na kisa chake. Mkiona mama yao bado hawezi kusikiliza, msimlazimishe. Mchoteeni maji, kuleni nao ugali, mrudi Jumapili nyingine.