Nguvu ya Kununua ni Mali ya Nani?

Hapa Moshi, kama ilivyo katika miji mingine nchini, vijana wengi wameingia katika biashara ya sarafu za kigeni kwa njia ya simu. Kijana ameketi kibarazani Majengo au Pasua, duka hana, shamba hana, lakini anakuambia leo amenunua na kuuza yuro za mamilioni. Ukimuuliza mtaji kaupata wapi, anajibu ameweka laki mbili tu. Iliyobaki ni nguvu ya kununua aliyopewa na dalali. Ukigusia riba anakukatisha haraka: akaunti yake ni ya Kiislamu, haitozwi kitu pesa ikilala.

Ndugu msomaji, jibu hilo limewaridhisha wengi. Mimi halijaniridhisha.

Kwanza tuelewe inavyokwenda. Dalali akitoa mara 100, laki mbili zinashika mzigo wa shilingi milioni 20. Bei ikienda kinyume kwa asilimia 1 tu, hasara ni laki mbili, na mtaji wote umekwisha. Kwa kawaida hata hapo hafiki. Dalali ameweka kiwango ambacho amana haitakiwi kushuka chini yake. Ikishuka, mtambo unaifunga biashara wenyewe, hata usiku wa manane kijana akiwa amelala. Asubuhi bei inaweza kuwa imerudi ilipokuwa. Haimhusu tena.

Makafiri wenyewe wameiona hatari hii. Marekani, baada ya soko la hisa kuanguka mwaka 1929, ilitunga sheria mwaka 1934 ya kudhibiti ununuzi wa hisa kwa mkopo, na tangu 1974 mnunuzi ametakiwa kuweka angalau nusu ya bei. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya iliwawekea watu wa kawaida ukomo wa mara 30 kwa sarafu kubwa, ikieleza kuwa akaunti kati ya asilimia 74 na 89 za watu hao hupata hasara. Sisi tunamshangilia anayetupa mara 100!

Turudi kwenye dini. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Makka mwaka 2006, lilijadili biashara hii na kuiona haifai. Ada ya kulaza biashara ilikuwa sababu moja tu. Nyingine ni kwamba dalali anakukopesha kwa sharti kwamba ununue na kuuza kupitia kwake, naye anachuma katika kila mzunguko. Huko ni kuunganisha mkopo na biashara, jambo ambalo Mtume (s.a.w.) alilikataza. Kwa hiyo ukiiondoa ada ya usiku, mkopo wenye manufaa kwa mkopeshaji bado upo palepale.

Kijana atauliza: benki ina riba, ajira hakuna, nani mwingine atanipa mtaji? Swali ni la haki, na matajiri wetu Waislamu wanapaswa kuona aibu nalo. Lakini sheria ilikwisha kuweka mlango: mudharaba. Mwenye mali anatoa fedha, mwenye nguvu anafanya kazi, faida wanagawana. Ikitokea hasara bila uzembe, fedha iliyopotea ni ya mwenye mali, na mfanyakazi amepoteza jasho lake. Mpimeni dalali kwa mizani hiyo. Ametoa karibu milioni 20, na senti ya kwanza hadi ya mwisho ya hasara inatoka kwenye laki mbili za mwenzake. Wako madalali ambao ndio hasa wanaosimama upande wa pili wa biashara, hasara ya kijana ikawa faida yao.

Na mzigo wenyewe uko wapi? Katika mnada wa kahawa uliofanyika mjini hapa kwa miaka mingi, mnunuzi alionja sampuli, na gunia lilikuwepo ghalani. Yuro za kijana wetu hakuna aliyezishika.

Allah (s.w.) katika Surat al-Baqarah, aya ya 280, anaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Mtambo wa dalali hautoi hata dakika. Na iwapo zile laki mbili zimetoka katika malipo ya kahawa ya mzee wake kule Kibosho au Machame, basi katika mkataba huu yumo mtu wa tatu, na huyo hakuulizwa.