Mlinzi Asiyeacha Zamu

Nabii Habakuki, katika sura ya 2, alisimama zamuni akingoja neno la Mungu. Ulinzi huo na tuutafakari kwa mfano wa theluji.

Tarehe 11 Mei 1848 mhubiri Johannes Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro. Mwanachuoni Cooley wa Uingereza aliikanusha habari hiyo, ingawa mlima wenyewe hakuutia machoni. Rebmann alishuhudia aliloliona, na baadaye von der Decken, aliyeupima mlima miaka ya 1861 na 1862, akamthibitisha.

Siku hizi wataalamu wa milima huisimamisha kamera juu ya mwamba au nguzo, ikielekea mteremko ule ule, ipige picha siku kwa siku. Kisha kompyuta hutenga palipo peupe na palipo peusi, na kwa ramani ya miinuko hujulikana theluji imefunika eneo gani. Picha moja haitoshi, maana theluji ya usiku huweza kuyeyuka kabla ya adhuhuri. Tena kamera ikisogea kidogo tu, picha za jana na za leo hazilingani. Wingu likitanda, haionyeshi kitu. Walakini haiondoki mahali pake.

Walimu wa Injili, je, sisi tu hivyo? Wako wasalio sana Pasaka, kisha huzuni ikitanda huiacha zamu. Bali mwaminifu hukaa hata asipoona, maana wingu halikuuondoa mlima.

Tena mlinzi haoni kwa ajili ya kuona tu. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilienea kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 hazikutimia 2. Wengine husema, “Ni kazi ya Mungu, sisi tufanye nini?” Ndugu, someni Mwanzo 2:15: mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa mikono yetu. Lakini maji ya mifereji yetu hutoka zaidi katika mvua inyeshayo msituni kuliko katika barafu ile, na msitu u karibu na mashoka yetu. Aukataye kwa siri usiku, kisha Jumapili akaomba maji, amwombaye ni nani?

Basi kila mtu na asimame zamuni pake, aseme kweli aliyoiona, atunze alichokabidhiwa, hata Bwana ajapo. Amin.