Nilipolichukua Gari la Wagonjwa

Kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi ilikuwa na sheria moja ambayo kila mtu aliijua: king'ora kikilia, mnapisha. Lori la samaki linapisha, basi la Geita linapisha, hata bosi wa kwenye V8 anapisha. Hakuna anayechungulia dirishani kuhakikisha kama aliyemo anaumwa kweli.

Jioni moja, aliyekuwemo ni mimi.

Nilikuwa ng'ambo, upande wa Sengerema, kikazi. Kifua kikaanza kuwaka moto. Kwenye kituo kimoja cha afya daktari akanipima, akaniuliza maswali mengi, akasema ni asidi ya tumbo: meza dawa, lala hapa tukuangalie, asubuhi utavuka. Nikagoma. Nikataja gazeti ninaloandikia, nikampigia simu mkubwa fulani. Nusu saa baadaye nilikuwa ndani ya gari pekee la wagonjwa la kituo kile, tunaelekea kivukoni. Mwanza wakanipima upya. Asidi ya tumbo.

Baadaye dereva aliniambia, wala hakunilaumu, kwamba tukiwa majini aliletwa mama mwenye uchungu aliyetakiwa kupewa rufaa. Walimpakia kwenye bodaboda. Alijifungua salama, lakini usalama ule hakuupata kwangu.

Kosa langu lilikuwa wapi? Jibu jepesi ni kwamba niliogopa bure. Silikubali. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maumivu ya kifua huua, na anayejiuliza mara kumi kama anastahili msaada anaweza kufa akijiuliza. Tukiwatangazia watu "msisumbue bure", wa kwanza kunyamaza atakuwa mama mpole wa kisiwa cha Kome, si mimi mwenye namba ya mkubwa.

Kosa langu lilianza baada ya kujibiwa. Kuogopa ni haki ya mgonjwa. Kuipima hofu yake ni kazi ya mtu mwingine, na mgonjwa hana budi kulipokea jibu. Mpango wa m-mama, uliojaribiwa kwanza kanda hii ya Ziwa, Sengerema ikiwamo, kisha ukazinduliwa kitaifa 2022, umejengwa juu ya wazo hilo. Kwa mjamzito, mzazi au kichanga, unapiga 115 bure. Anayepokea anauliza dalili, anapima, ndipo anatuma gari la wagonjwa au dereva wa mtaani aliyeandikishwa. Hakuna anayechekwa kwa kupiga simu, na gari linafuata dalili, si cheo.

Siku hizi kilomita 3 za daraja unazimaliza kwa dakika chache, hupishwi wala humpishi mtu. Foleni ya magari imekwisha. Ile ya wanaongoja gari moja la kituo bado ipo, ila hiyo huioni kwa macho. Mimi niliipita yote bila hata kujua nimempita nani.